Gharika Isiyo na Upepo: Mto Tana, Garsen na Bahari za Mbali

Tufani, kwa maana ya wataalamu wa hali ya hewa, ni dhoruba kubwa inayozunguka kitovu chake juu ya bahari iliyopata joto la nyuzi 26 au zaidi za selsiasi, ikinywa mvuke wa maji hayo na kuugeuza kuwa upepo. Dhoruba ya aina hiyo ikitokea magharibi mwa Pasifiki huitwa taifuni, na ikitokea kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huitwa kimbunga au saikloni, ingawa umbile ni moja. Magharibi mwa Pasifiki ndiko zinakozaliwa zilizo kali kupita zote: taifuni Tip ya Oktoba 1979 ilishusha kanieneo ya hewa hadi hektopaskali 870, kipimo cha chini kabisa kilichowahi kuchukuliwa usawa wa bahari, na taifuni Haiyan ya Novemba 2013 iliua zaidi ya watu 6,000 nchini Ufilipino. Garsen, mji mdogo ulio kwenye bonde la chini la Mto Tana nchini Kenya, haumo katika historia hiyo ya upepo. Umo, hata hivyo, na kwa kina kikubwa, katika historia ya joto la bahari linalouzaa upepo huo, kwa kuwa joto lilelile linalokuza taifuni upande mmoja wa dunia ndilo ambalo, katika miaka fulani, huyafanya malisho na mashamba ya Garsen kuwa ziwa.

Kwa nini upepo wenyewe haufiki ni jambo la jiografia. Ili dhoruba ianze kuzunguka, huhitaji msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia, ambao huitwa nguvu ya Coriolis, na msukumo huo hupungua kadiri ikweta inavyokaribia hadi kuwa sifuri kwenye ikweta yenyewe. Garsen iko nyuzi 2 hivi kusini mwa ikweta, hali vimbunga vingi huzaliwa nje ya nyuzi 5. Kanuni hiyo ina tofauti zake, kwani Desemba 2001 taifuni Vamei ilizaliwa karibu na Singapore, chini ya nyuzi 2 kaskazini mwa ikweta, na kuwashangaza waliodhani jambo hilo haliwezekani. Lakini tofauti zenyewe ni chache mno. Katika Afrika Mashariki mpaka wa vimbunga umekuwa upande wa kusini zaidi. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja merikebu za Sultani Barghash zilizokuwa zimetia nanga na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho, huku Pemba, iliyo kaskazini kidogo tu, ikisalimika na baada ya hapo ikashika uongozi wa zao la karafuu. Aprili 1952 kimbunga kingine kiliingia Lindi. Mei 2024 Hidaya kilifika eneo la Mafia kikiwa kinapungua nguvu, na kabla mwezi huohuo haujaisha kimbunga Ialy kilipanda kaskazini hadi mkabala wa pwani ya Kenya, jambo la nadra sana, kisha kikafifia.

Gharika ya Tana hufika kwa njia nyingine kabisa, polepole na mara nyingi chini ya jua kali. Mto huo, wenye urefu wa kilomita 1,000 hivi, huanzia kwenye miteremko ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, hupita nchi kame ambako haupokei kijito cha kudumu bali malaga tu, yaani mikondo ya msimu inayojaa mvua inaponyesha na kukauka baadaye, kisha huingia katika tambarare pana, yaani delta yake, kabla ya kufika baharini. Mvua ikinyesha juu, mto hujaa Garissa kwanza, na Garsen hupata maji siku kadhaa baadaye, pengine bila tone moja kuanguka mjini. Maji hayo hubeba udongo mwingi, na kwa kuwa mto ukifurika huangusha udongo mzito kando yake na kusukuma mwepesi mbali zaidi, kingo zimejijenga kwa karne nyingi hadi zikawa juu kuliko ardhi iliyo nyuma yake. Hilo ndilo jambo la msingi kulielewa bonde hili: mahali pa juu ni ukingoni mwa mto, na anayeukimbia mto bila kuijua nchi huenda akaingia bondeni kwenye kina kirefu zaidi.

Wapokomo, wakulima wa kando ya mto huo, walijenga uchumi wao wote juu ya umbile hilo. Vijiji vilikaa kwenye kingo zilizoinuka, migomba na miembe ikapandwa hapohapo, mahindi yakapandwa kwenye miteremko maji yanapoanza kurudi, na mpunga ukapandwa katika mabonde ya nyuma yanayohifadhi maji kwa miezi. Mto ulifurika kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, na kila furiko lilileta udongo mpya uliofanya kazi ya mbolea, likajaza maziwa madogo ambamo samaki huzaliana, na kuotesha upya nyasi za tambarare. Nyasi hizo ndizo zilizowavuta Waorma, wafugaji ambao hukaa nyikani wakati wa mvua na kuteremkia deltani wakati wa kiangazi, wakipitisha ng'ombe kwenye malka, yaani njia za kuufikia mto zilizoachwa wazi katikati ya mashamba. Mkulima na mfugaji waligawana ardhi moja kwa zamu iliyopangwa na maji, na mabaraza ya wazee, Gasa kwa Wapokomo na Matadeda kwa Waorma, yalisuluhisha zamu hiyo ilipovurugika. Itakuwa ni kuipamba historia kudai kwamba hapakuwa na ugomvi. Ulikuwepo, na katika miaka ya 2001 na 2012 uligeuka mauaji ya watu wengi. Lakini kalenda iliyoratibu maisha ya pande zote mbili ilikuwa furiko, na ukame uliwatisha zaidi kuliko maji.

Mto wenye kingo zilizoinuka huhama. Ukivunja ukingo mahali palipo dhaifu, huteremka kwenye bonde na kujichimbia njia mpya, na ile ya zamani hubaki ikiwa ziwa lililopinda au mfereji mkavu. Hapo zamani Tana ilimwaga maji yake katika Ghuba ya Ungwana, kusini-magharibi mwa ilipo leo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Sultani Ahmed wa Witu, aliyejulikana kwa lakabu ya Simba, alichimbisha mfereji wa Belezoni ili kuuunganisha mto huo na mto mdogo wa Ozi, mitumbwi yenye mazao ipate kufika Kau na Kipini bila kupita baharini. Mfereji ulikuwa mwembamba, lakini mafuriko yaliupanua mwaka baada ya mwaka hadi mto wenyewe ukahamia humo, na mlango wa Tana ukawa Kipini. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa namna kazi ndogo ya mikono, ikisaidiwa na gharika chache, inavyoweza kuhamisha mto mkubwa kuliko yote nchini. Somo hilo lilirudiwa kinyume mwaka 1989, pale mto ulipohama karibu na Hola na kuacha pampu za mradi wa umwagiliaji, ulioanzishwa mwaka 1953, bila maji ya kuvuta. Mashamba ya Hola yakafa kwa kiu pembeni mwa mto.

Gharika iliyobaki katika kumbukumbu za wazee kwa muda mrefu zaidi ni ile ya mwaka 1961, ambayo Wakenya wengi huijua kwa jina la mafuriko ya Uhuru kwa sababu ilitangulia uhuru kwa miaka miwili tu. Ilikuja juu ya ukame mkali uliokuwa umemaliza mifugo katika sehemu kubwa ya nchi, kwa hiyo iliwakuta watu wakiwa tayari na njaa. Mvua za vuli zilianza Oktoba na hazikukoma kwa wakati wake. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita moja katika kipindi kifupi, na bonde la Tana likakatwa na nchi kavu, vijiji vikipata chakula kilichoangushwa na ndege za jeshi la Uingereza. Kwa miaka mingi sababu ya mvua ile haikueleweka vizuri, kwani mwaka 1961 haukuwa mwaka wa El Niño, yaani kupata joto kusiko kwa kawaida kwa Pasifiki ya kati na ya mashariki. Maelezo yalikuja mwaka 1999, wanasayansi waliofanya kazi Japani walipoeleza hali waliyoiita Dipoli ya Bahari ya Hindi: maji ya upande wa Afrika hupata joto kuliko kawaida huku yale ya upande wa Sumatra yakipoa, mawingu ambayo yangenyesha Indonesia yakanyesha Afrika Mashariki. Mwaka 1961 ulikuwa miongoni mwa mifano mikubwa ya hali hiyo katika karne nzima.

Baada ya uhuru serikali iliutazama mto kwa jicho la umeme. Bwawa la Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988, na Masinga peke yake liliweza kuhifadhi mita za ujazo milioni 1,560. Nchi ilipata umeme ilioutegemea kwa miongo kadhaa, na faida hiyo haina budi kukiriwa. Kwa delta, hata hivyo, mabwawa yalifanya jambo ambalo halikuwa katika hesabu za wahandisi: yalimeza mafuriko ya kadiri, yale yaliyolisha mpunga, samaki na misitu ya kando ya mto, pamoja na sehemu kubwa ya udongo wake, lakini hayakuweza kuzuia mafuriko makubwa, kwa kuwa mvua ikizidi bwawa hujaa, na bwawa lililojaa halina budi kuruhusu maji yapite. Wenye kuishi chini wakapoteza furiko jema na kubakiwa na lile baya. Zaidi ya hayo, miaka mingi bila maji mengi iliwashawishi watu kujenga na kulima mahali ambapo wazee wasingethubutu, na hapo ndipo ilipoanza hasara ambayo kwa kawaida hulaumiwa mvua pekee.

Hesabu hiyo ilikuja kulipwa mwaka 1997. Mwaka huo El Niño ilifikia nguvu ya kipekee, na Dipoli ya Bahari ya Hindi ikaungana nayo. Katika Pasifiki, taifuni zilizaliwa mbali zaidi upande wa mashariki, zikasafiri muda mrefu juu ya maji ya moto kabla ya kufika nchi kavu, na kumi kati yake zikafikia daraja la tano, la juu kabisa katika kipimo cha nguvu za dhoruba. Katika miezi ya mwisho ya mwaka huohuo, mzunguko uleule wa hewa uliokuwa umevurugwa ulileta mvua Kenya kuanzia Oktoba hadi mapema 1998. Tana ilifurika na kukata barabara ya kwenda Lamu kupitia Garsen. Mradi wa mpunga wa delta, ambao Mamlaka ya Maendeleo ya Mito ya Tana na Athi ilikuwa imeujenga kwa mkopo wa Japani na kuuzungushia matuta ya kuzuia maji, ulivunjwavunjwa. Matuta hayo yanastahili kufikiriwa, maana yaliwekwa katikati ya uwanda ambao kazi yake ya asili ni kupokea maji, na maji yaliyozuiwa hapo yalilazimika kutafuta mahali pengine, aghalabu kwenye vijiji na malisho ya watu wasiokuwa na mpunga wowote katika mradi. Kisha, maji yaliyosimama yakazaa mbu, na homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi unaoangamiza mifugo na kuambukiza binadamu, ikalipuka Garissa mwishoni mwa 1997 na kuua mamia ya watu katika Kenya na Somalia. Ililipuka tena baada ya mafuriko ya mwaka 2006.

Tangu hapo gharika zimefuatana kwa karibu zaidi: 2013, 2018, 2019, kisha 2023 na 2024. Novemba 2023 El Niño na Dipoli ziliungana tena, na masika ya 2024, yaliyoua zaidi ya watu 200 kote nchini, yalikuta mabwawa yamejaa na ardhi imelowa. Barabara ya Garissa ilikatwa karibu na Madogo, ambako mwishoni mwa Aprili mashua iliyokuwa ikivusha abiria ilipinduka na watu kufa maji, na barabara ya lami ya kwenda Lamu, iliyokuwa bado mpya, ilikatwa sehemu za Gamba na Lango la Simba. Barabara hiyo nayo ni tuta. Imeinuliwa kukatiza uwanda wa mafuriko, na pale ambapo makalvati yake, yaani mabomba ya kupitishia maji chini ya lami, hayakutosha, upande mmoja ulibaki umezama na upande wa pili maji yakapasua njia.

Delta ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa eneo oevu la umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, hekta 163,600 kwa jumla, lakini hadhi hiyo haiongezi maji. Mpango wa bwawa kubwa zaidi, High Grand Falls, umejadiliwa kwa miongo kadhaa, na watetezi wake huutaja kama kinga dhidi ya mafuriko. Upande wa Ozi na Kilelengwani, karibu na Kipini, hoja hiyo husikika kwa namna nyingine. Huko mpunga ulilimwa kwa ustadi wa kutegemea bahari: maji yakijaa pwani, huyasukuma nyuma maji matamu ya mto, nayo huinuka na kuingia mashambani bila pampu wala mfereji. Ili jambo hilo liwezekane sharti mto uwe na nguvu ya kutosha kuizuia bahari isipande, na katika miaka ambayo Tana hufika Kipini ikiwa dhaifu, kinachoingia mashambani wakati wa maji kujaa ni chumvi.