Poka: unakaa wapi mezani?

Leo naweka seva kando kidogo nizungumzie poka. Msihofu, programu itarudi kabla hatujamaliza.

Ukimwambia mtu wa Eastlands "tucheze poka", hafikirii Las Vegas. Anafikiria mchezo wetu wa mtaani. Kwetu kila mtu anagawiwa kadi 4, unaweka kadi inayofanana na iliyo juu kwa namba au kwa aina, na anayezimaliza kwanza ndiye mshindi. 2 na 3 zinamlisha anayefuata, yaani anaokota kadi 2 au 3. J inamruka mtu. K inageuza mwelekeo wa mchezo. Na kabla ya kumaliza ni lazima utangaze: "Niko kadi!"

Mwaka wa 2004, asubuhi moja pale Umoja, niliweka nauli yangu ya kwenda mjini kwenye mchezo huo. Tulikuwa wanne. Mzee mmoja aliyekaa kulia kwangu aliweka kadi, akabaki na moja, akatangaza niko kadi. Zamu ikaja kwangu. Nilikuwa na kadi ya kawaida iliyofaa, na nilikuwa na K. Kwa kuwa huwezi kumalizia na K, nikaona heri niiondoe mapema. Nikaiweka.

Mnaona kosa? Kama ningeweka ile ya kawaida, mzee angesubiri watu wawili zaidi wacheze, na yeyote kati yao angeweza kuharibu mipango yake. Kwa K yangu, zamu ilimrudia papo hapo. Akaweka kadi yake ya mwisho, akachukua hela, akaniambia, "Kijana wangu, unaangalia kadi zako tu. Angalia watu wamekaa wapi."

Nilitembea kwa miguu hadi mjini kupitia Jogoo Road, kwa hiyo nilipata muda wa kutosha wa kulitafakari neno hilo.

Miaka kadhaa baadaye, saibani, kwa bei ya shilingi moja kwa dakika, nilianza kusoma kuhusu poka ile nyingine, ya Wamarekani. Nikakuta wenzetu wamelijadili neno la mzee kwa zaidi ya karne moja.

Katika karne ya 19 Wamarekani walikuwa wakipitisha kitu mezani, mara nyingi kisu, kuonyesha zamu ya kugawa kadi ni ya nani. Kitu hicho kiliitwa buck. Ndiyo asili inayotajwa mara nyingi ya kile kibao cha Rais Harry Truman kilichosema kwamba buck inaishia mezani kwake. Leo katika Texas Hold'em kuna kidude cha duara kiitwacho kitufe. Kinazunguka meza, na mwenye nacho huhesabiwa kuwa mgawaji hata kama kadi zinagawiwa na mtu mwingine. Baada ya kadi za kwanza za pamoja kufunuliwa mezani, yeye ndiye husema wa mwisho.

Kusema mwisho kuna faida gani? Chukua meza ya watu wanne. Ukiwa wa kwanza na kadi zako ni za wastani, ukiweka dau hujui watatu walio nyuma yako wana nini. Ukiwa wa mwisho, na wote watatu wamepita bila kuweka dau, umeshapata habari kwamba huenda hakuna mwenye nguvu. Na habari hiyo umeipata bure.

Doyle Brunson, bingwa wa dunia wa 1976 na 1977, alilisisitiza jambo hili katika kitabu chake Super/System. Lakini aliyenishangaza zaidi ni Annette Obrestad, msichana wa Norway. Mwaka 2007, akiwa na miaka 18, alishinda shindano la watu 180 kwenye intaneti huku akiwa amefunika kadi zake. Alizitazama mara moja tu. Alikuwa akionyesha kwamba nafasi mezani na kuwachunguza wenzako vinaweza kukufikisha mbali hata bila kujua umeshika nini. Septemba mwaka huo huo alishinda pauni milioni 1 jijini London.

Hisabati nayo ikafika. Januari 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza programu iitwayo Cepheus. Ilijifunza Hold'em ya watu wawili yenye kikomo cha dau kwa kucheza dhidi yake yenyewe, hadi ikakaribia kabisa kutokosea. Walikuta kwamba wachezaji wote wawili wakicheza bila kosa, mgawaji bado anashinda kwa wastani. Kama dau kubwa la lazima ni shilingi 100, anapata karibu shilingi 9 kila kadi zinapogawiwa. Kadi hazimpendelei. Kinachombeba ni kiti.

Sasa turudi mtaani. Tofauti yetu na Wamarekani ni kwamba nafasi yao inabadilika mchezo ukiisha, yetu inabadilika mchezo ukiendelea. Niliijua vizuri tofauti hiyo nilipojaribu kuandika poka yetu kwa Java, kwa ajili ya simu za Nokia. Zamu niliiandika hivi:

zamu = (zamu + mwelekeo) % idadi

Mwelekeo ni 1, na K inaugeuza kuwa -1. Ilifanya kazi hadi mchezaji namba 0 alipoweka K. Katika Java, -1 % 4 ni -1, si 3. Programu ikamtafuta mchezaji wa -1, ambaye hayupo, ikaanguka. Dawa yake ni kuongeza idadi kwanza:

zamu = (zamu + mwelekeo + idadi) % idadi

Nilicheka peke yangu. Mchezaji 0 kaweka K, na zamu inatakiwa imwendee aliye kulia kwake. Nilikuwa nimekosea K ile ile mara mbili, mara ya kwanza kwa nauli, mara ya pili kwa Java.

Siku hizi kabla ya kuweka K nauliza jambo moja tu: aliyetoka kucheza amebaki na kadi ngapi? Na kwenu Kayole, Dandora au Buruburu, ukilishwa 2 mnaruhusu K iirudishe? Kwetu hilo bado linaleta kelele.