Chambo cha Manyoya cha Baharini
Ndoana iliyofungwa manyoya na singa za mkia wa kulungu ili samaki aidhanie dagaa au kamba. Uteuzi wake hutegemea kwanza kina cha maji, kisha ukubwa na umbo la mawindo, na rangi mwisho, ijapokuwa wengi hutanguliza rangi. Mfano ulio bora, uliobuniwa mwaka 1987 na Bob Clouser wa Pennsylvania, Marekani, kwa samaki wa mtoni kabla ya kuenea baharini, una macho mawili ya risasi ambayo huipindua ndoana hata ncha ikaelekea juu, isikwame miambani, nacho chambo, kivutwapo na kuachiwa, huinuka na kuzama mithili ya samaki aliyejeruhiwa. Penye maji ya kina kifupi uzito huo huwatisha samaki kwa kishindo cha kuanguka kwake, basi macho ya shanga nyepesi ni aula.