Mia yangu, konda na historia ya dala

Leo sina stori za test wala za boom, nina stori ya shilingi mia.

Juzi jioni natoka Posta narudi chuo, nikapanda gari la Mwenge. Nauli 600, nikatoa buku. Konda akapokea, akasema, "Dada, chenji mbele." Haya, nikanyamaza. Tumefika Mwenge ananipa jero, anataka nimrudishie mia. Mia sina. "Basi chukua mia tatu." Nikagoma kushuka! Gari zima likanigeukia, wengine "Mpe haki yake!", wengine "Anti shuka, mia tu hiyo, tunachelewa!" Mzee mmoja siti ya mbele akacheka: "Sisi tulikuwa tunatoa dala moja, hakuna kugombana." Akatoa mia mfukoni akampa konda, na mimi nikaondoka na jero.

Nilishuka na aibu kidogo, ila maneno ya mzee hayakunitoka. Kila siku tunasema daladala, wangapi tunajua dala ni nini?

Tangu 1974 usafiri wa Dar ulikuwa wa UDA, shirika la umma. Mabasi yakawa machache, abiria wengi, na magari ya watu binafsi yakawa yanabeba kwa kuibia. Mwaka 1983 serikali ikayaruhusu. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 mtaani iliitwa dala, kwa jina la dola ya Marekani. Makonda wakaita "dala, dala!" na jina likaganda. Majirani zetu Kenya nao ni hivyo hivyo: matatu ilitokana na mapeni matatu, yaani sarafu 3 za senti 10.

Yaani magari haya yalipewa majina ya sarafu kwa sababu abiria alipanda na nauli kamili mkononi. Ugomvi wa chenji unakuja pale nauli na sarafu zinapoachana.

Na zimeachana mara nyingi. Shilingi iliporomoka miaka ya 80, dala ikabaki jina tu. Mwaka 2013 nauli ya safari fupi ikawa 400. Mwaka 2014 Benki Kuu ikaleta sarafu ya 500, kwa kuwa noti yake ilikuwa inachakaa haraka. Ukitoa jero, unadai mia. Mwendokasi ikaanza 2016 kwa nauli ya 650, hapo hamsini nayo ikawa lulu! Mei 2022 nauli ya daladala ikapanda hadi 500. Wote tulilalamika, lakini angalieni: sarafu moja, nauli moja, kama enzi za dala. Haikudumu hata miaka miwili, maana Desemba 2023 ikawa 600 na mia ikarudi kutugombanisha.

Sasa konda naye. Jioni anatakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri, kinachobaki ndicho chake na dereva. Sarafu zikikosekana ananunua chenji stendi: anatoa noti, anapewa sarafu pungufu. Hiyo hasara lazima aipeleke kwa mtu, na mtu mwenyewe ni mimi niliyepanda na buku.

Simtetei. Mia kumi ni buku, na buku kabla boom halijatoka ni chapati na maharage, usilale njaa. Ila siku ile nilimwita mwizi mbele ya watu, na sidhani kama lilikuwa neno sahihi. Bei anapangiwa, sarafu hatengenezi yeye.

Siku hizi natembea na mia zangu kwenye kopo la vaseline, wenzangu hosteli wananicheka. Na bado nadaiwa mia na mzee nisiyemjua jina.

Haya wadau, nawahi kipindi. Nauli mkononi!