Tteok yenye Kiuno: Tarehe ya Bakuli la Kaesong

Korea, asubuhi ya Seollal, Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi, husemwa kuwa mtu haongezi umri mpaka amalize bakuli la tteokguk. Ni supu, aghalabu ya nyama ya ng'ombe, yenye vipande vyeupe vya tteok: mchele uliopikwa kwa mvuke, ukatwangwa hadi ukanata. Kwingi tteok hukatwa mshazari. Katika mji wa Kaesong haikatwi, hubanwa.

Mama huiviringisha ingali moto mpaka iwe nyembamba kama kidole. Kisha huiwekea kisu cha mianzi katikati, akikipeleka mbele na nyuma kwa mkono mwepesi, mpaka pabaki kiuno na kijibuyu kidogo kitoke. Kisu cha chuma kingeikata. Hiyo ndiyo joraengi-tteok.

Kaesong ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Goryeo tangu mwaka 919. Mwaka 1392 jemadari Yi Seong-gye aliuangusha ufalme huo, na miaka miwili baadaye akahamishia makao Hanyang, Seoul ya leo. Husimuliwa kuwa wanawake wa Kaesong waliibana kila tteok kama wanaomnyonga yeye. Wengine husema umbo hilo ni la kifukofuko cha nondo wa hariri, kwa ajili ya baraka. Hakuna awezaye kuthibitisha lipi ni lipi, ila naona wazi kwa nini simulizi la kwanza lilidumu: watu wa mji ule walibaguliwa katika vyeo vya utawala mpya, wakageukia biashara na kilimo cha jinsengi, mzizi wa dawa, na kinyongo chao kikapata pa kukaa jikoni.

Kisha Korea ikagawanywa, na vita vikafuata. Mwaka 1945 mstari wa digrii 38 uliiacha Kaesong upande wa kusini. Usitishaji vita wa Julai 1953 ukaiacha kaskazini. Waliokimbilia kusini walidhani watarudi baada ya siku chache. Hawakurudi, na mji uko kilomita kama 60 tu kutoka Seoul. Kila Seollal familia za waliotoka kaskazini hukusanyika Imjingak, karibu na mpaka, wakatandika vyakula vya tambiko na kuwasujudia wazee wao wakiwa wameelekeza nyuso kaskazini.

Leo joraengi-tteok huuzwa Seoul kwenye pakiti, na wengi wanaoinunua hawana jamaa Kaesong. Nafurahi imeenea. Lakini mama waliojifunza kuibana kwa mianzi katika mji wenyewe sasa ni vikongwe; basi wajukuu wao wakae nao jikoni Seollal hii hii, wakiuliza na kuandika.