Ndoa Jukwaani na Darasani: Ufundishaji wa Tamthilia Kapsokwony

Ndoa yenye misukosuko si jambo geni katika tamthilia ya Kiswahili. Penina Muhando aliishughulikia katika Talaka si Mke Wangu (1976), Ari Katini Mwachofi katika Mama Ee (1987), na Kithaka wa Mberia katika Natala (1997). Timothy Arege ameuendeleza mkondo huo katika Bembea ya Maisha, iliyoanza kutahiniwa katika KCSE mwaka 2023. Kwa uteuzi huo, ndoa ya Sara na Yona iliingia katika shule za upili za Kenya, zikiwemo za Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Karatasi ya fasihi humtaka mtahiniwa aeleze muktadha wa dondoo, ataje sifa za mhusika na afafanue maudhui. Mwalimu anayekimbizana na silabasi huishia kuigeuza tamthilia kuwa orodha: ulevi, ugonjwa, nafasi ya mwanamke. Orodha hiyo si potofu, ila humwacha Yona akiwa mlevi tu. Kinachopotea ni chanzo, yaani masimango ya jamii kwa wazazi waliojaliwa mabinti pasipo mtoto wa kiume. Wanafunzi wanapogawana nafasi na kuigiza, masimango hayo hutoka vinywani mwao wenyewe, na darasa hujikuta limekuwa jamii ile ile inayosimanga.

Miongoni mwa Wasabaot, ambao kwa jadi ardhi yao hurithiwa na wana wa kiume, suala hilo si la kitabuni. Ardhi ya makazi ya Chebyuk ndiyo iliyokuwa kiini cha mapigano ya Mlima Elgon ya 2006 hadi 2008. Zaidi ya watu 300 walitoweka, na wake wa waliotoweka wakabaki wasijue kama ni wajane. Kwa sababu hiyo, Natala, ambamo mke aliyeambiwa kwamba mumewe amefariki anapambana na shemeji anayetaka kumrithi, inafaa isomwe sambamba na Bembea ya Maisha. Ya kwanza inaonyesha yanayomfika mke asiye na mume wa kumkinga. Ya pili inaonyesha kwamba hata aliye naye hana kinga, iwapo thamani yake inapimwa kwa mtoto wa kiume.

Mwalimu hana haja ya kumtaka mwanafunzi asimulie ya nyumbani kwao. Jukwaa humsitiri: akisema kwa kinywa cha Sara au cha Natala, husema mengi bila kujianika. Sitara hiyo haitolewi na dondoo.