Kijana wa Mkonge Aliyekwenda Keya

Katika kuandika habari za miaka mia moja ya usharika wetu, tumewataja wamisionari, wachungaji, wainjilisti na wazee waliojenga. Ni wajibu wetu kumtaja pia kijana wa shamba la mkonge aliyekwenda vitani asirudi. Tunasimulia habari zake kana kwamba ni mtu mmoja, ingawa walikuwa wengi. Maana kazi yao ilikuwa moja, na njia waliyopitia ilikuwa moja.

Mkonge uliletwa katika nchi hii mwaka 1893 na Dk. Richard Hindorf. Kufikia miaka ya 1930 mashamba yalikuwa yameenea katika nchi ya Tanga hata Korogwe. Kijana alikata majani tangu alfajiri, akayafunga katika matita ya majani 30, na kazi yake ikahesabiwa kwa kipande cha siku 30. Siku asiyomaliza kazi haikuandikwa.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilivyoanza mwaka 1939 vilimfikia kwa njia mbili. Wajapani walipoziteka Ufilipino na Indonesia mwaka 1942, Uingereza na wenzake walikosa nyuzi za kamba zilizotoka huko. Mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita, hata serikali ikawalazimisha watu kufanya kazi mashambani. Wakati huohuo jeshi la King's African Rifles, ambalo wananchi waliliita Keya, lilihitaji watu. Watanganyika zaidi ya 80,000 walitumika jeshini. Wako waliojiandikisha kwa hiari wakitafuta mshahara, na wako waliochukuliwa kwa amri. Kwa hiyo haifai kusema kwamba wote walisukumwa na ushujaa, wala kwamba wote waliburutwa.

Walipigana Ethiopia mwaka 1941 na Madagascar mwaka 1942. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye batalioni ya 26 na ya 36 za Tanganyika, iliwafuata Wajapani katika bonde la Kabaw huko Burma, ambayo leo ni Myanmar. Ilikuwa majira ya mvua. Tope na malaria viliwasumbua pamoja na risasi. Mwezi Desemba waliutwaa mji wa Kalewa. Wengine hawakufika huko kamwe. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na manowari ya Kijapani karibu na Maldivi. Watu 1,297 walikufa, wakiwamo mamia ya askari wa Afrika Mashariki.

Msiba huo ulilikuta Kanisa likiwa yatima. Wamisionari Wajerumani walikuwa wamewekwa kizuizini, na ingawa Kanisa la Augustana la Marekani lilileta msaada, kazi ya kila siku ilikuwa mikononi mwa wachungaji na wainjilisti wenyeji. Ndio waliobaki kuwafariji wazazi wasiokuwa na mwili wa kuzika wala kaburi la kuwekea msalaba.

Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 huwakumbuka askari na wapagazi wa vita vya kwanza, lakini haina jina hata moja la mtu wao. Baada ya vita vya pili majina yalichongwa, mengine Nairobi, mengine Taukkyan karibu na Yangon, kwenye ukumbusho wenye majina karibu 27,000. Hiyo ni heshima ya kweli. Hata hivyo, mama wa Korogwe hakuweza kwenda Yangon kuweka ua. Nalo jiwe hutaja jina na kikosi. Halisemi kwamba marehemu alikuwa mkata mkonge, mtoto wa fulani, aliyebatizwa na kufundishwa Katekisimu. Hayo ni juu ya usharika kuyatunza.

Kumkumbuka si kusifu vita. Vita hivyo havikuwa vyake. Nchi yake ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, naye hakuuona. Tunamkumbuka kwa sababu Mungu anayenenwa katika Isaya 43 huwaita watu wake kwa majina, wala hawahesabu kwa vipande.

Basi familia zenye majina ya vijana hao ziyalete katika ofisi ya usharika, yaandikwe, yakasomwe mbele ya madhabahu Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa.