Konyeza aliyeangaza seli hai

Mwaka 1962, Osamu Shimomura, Mjapani aliyekuwa akitafiti Marekani, aligundua protini ing'aayo kijani katika konyeza, yule mnyama wa baharini anayewasha. Mwaka 1992 Douglas Prasher akainakili jeni yake. Basi fedha za utafiti zikamwishia. Hakuificha, aliwagawia Martin Chalfie na Roger Tsien. Kufikia 1994 Chalfie alikuwa ameonyesha neva za mnyoo hai zikimetameta chini ya hadubini, bila kumuua wala kumtia rangi. Nobeli ya 2008 ikawaendea Shimomura, Chalfie na Tsien. Na Prasher je? Alikuwa Alabama, akiendesha gari la kubebea wateja. Nobeli moja haigawiwi zaidi ya watu watatu. Ujuzi una wazazi wengi kuliko hao.